Uso wa Bunia katika baridi ya Rethy

Tangu turudi kutoka mlimani, wengi wenu mmetusimamisha sokoni na hata mlangoni pa kanisa mkiuliza: «Na ile habari ya bibi arusi ilikuwaje?» Tuliogopa kuieleza kwa maneno ya njiani, kwa sababu maneno ya njiani hufika yakiwa yameota pembe. Sasa mwenyewe ametupa ruhusa ya kuiandika, mradi tusitaje jina lake. Tutaanza na baridi. Bila ile baridi tusingejua kitu.

Tulikuwa wanne. Walimu watatu wa shule moja ya msingi hapa Bunia, na mwenzetu mmoja anayeshona nguo. Bibi arusi ni mdogo wake mwalimu wa darasa la tatu. Anaishi hapa mjini, lakini familia yao iko Rethy, na arusi ilipangwa kufanyika kule, siku chache baada ya Bonane, wakati shule bado zimefungwa. Sisi tuliombwa tutangulie siku mbili ili tumvalishe na kumpamba. Tulikubali kwa furaha, na tuseme kweli, kwa majivuno kidogo. Sisi ni watu wa mji. Tulibeba kisanduku kizima: poda ya rangi tatu, fondotini, krayoni za nyusi na wanja, rangi za midomo tano, manukato, na sabuni nyeupe yenye harufu ya maua. Mshonaji alibeba libaya na vikwembe. Hakuna hata mmoja wetu aliyebeba triko nzito. Mmoja alisema: «Rethy si Ulaya.»

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Walimu wa jiografia tulikuwa nao wawili katika gari lile, na somo hili tunalifundisha kila mwaka! Angalieni jimbo letu. Mama anayenunua samaki Kasenyi, kando ya ziwa Albert, anasimama kwenye mita kama 620 juu ya bahari. Akipanda na beseni lake kuja Bunia, anafika kwenye mita kama 1,275. Akiendelea kaskazini katika nchi ya juu ya Djugu, kuelekea Fataki na Rethy, anakaribia mita 2,000, na mlima Aboro wenyewe unapita 2,400. Hewa hupoteza kama digrii 6 kila tunapopanda mita 1,000. Piga hesabu: kati ya mama wa Kasenyi na mama wa Rethy kuna tofauti ya kama digrii 8 au 9, siku ileile, saa ileile, ndani ya jimbo moja. Mmoja anajipepea, mwingine amejifunga blanketi. Na wote wawili wanauziwa kopo moja la krimu, na mfanyabiashara mmoja, kwa maneno yaleyale.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa ngozi. Sisi hatuna majira ya theluji. Theluji ya nchi yetu inakaa peke yake juu ya Ruwenzori, kwenye mita karibu 5,000. Lakini kuanzia Desemba mpaka Februari mvua inapungua, na upepo mkavu unashuka kutoka kaskazini, upande wa Sudani. Hapa Bunia tunaujua kwa vumbi: nguo nyeupe zinageuka kahawia kwenye kamba, miguu ya watoto inakuwa kama imepakwa unga. Tunasema ni kiangazi, tunapaka mafuta kidogo, tunaendelea. Kule juu upepo huohuo unakuta hewa ya baridi, na usiku hakuna mawingu ya kufunika joto la udongo. Vitu viwili vinakamata ngozi kwa pamoja, ukavu na baridi.

Njia yenyewe hatutaieleza sana. Ninyi wote mnaijua, na anayeishi Ituri haulizi kwa nini msafiri aliamka saa tisa ya usiku, wala kwa nini alisimama mara nyingi, wala kwa nini alinyamaza sehemu fulani fulani. Tulipita Iga Barrière asubuhi, tukapita Fataki jua likiwa kali, tukafika tukiwa wekundu kama matofali. Tulishukuru Mungu. Basi.

Lakini jambo moja la njiani tunaliandika, kwa sababu tulijifunza hapo. Mshonaji wetu hakujipaka poda asubuhi ile. Alijipaka mafuta mazito usoni, akajifunga fulari mpaka chini ya macho. Sisi walimu tatu tulikuwa tumejipamba vizuri, maana mtu hawezi kufika ugenini na uso wa kulala. Tulipofika, yeye alinawa mara moja na uso wake ukatoka safi. Sisi, vumbi lilikuwa limekwisha kuchanganyika na fondotini na jasho, na kuwa udongo wa kusiriba nyumba. Tulisugua, tukasugua tena kwa sabuni ile ya maua na maji ya moto. Tulipomaliza, nyuso zilivuta kama ngozi ya ngoma. Usiku zilianza kuwasha.

Usiku ule, wamama! Tulilala wanne kitanda kimoja na bado tulitafutana. Koko wa nyumba, mama wa mzee mwenye nyumba, alicheka aliposikia meno yetu. Aliwasha mbabula nje, akatuita tuote moto mlangoni, kisha akaiacha hukohuko nje tulipoingia kulala. Mmoja wetu aliomba iingizwe chumbani. Koko alikataa katakata. Alisema makala ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, bila moshi wa kuwaamsha. Ni kweli, na tunawaomba wale walio na ndugu huko juu wakumbuke: afadhali blanketi la tatu.

Asubuhi tulijiona katika kioo kidogo cha mkoba. Midomo ilikuwa imepasuka, kwa sababu njia nzima tuliilamba. Mate yanakauka haraka, na yakikauka yanaondoka na mafuta kidogo yaliyokuwepo. Kando ya pua ngozi ilikuwa imeanza kubanduka, na yule aliyejaribu kuficha kwa poda alionekana mbaya zaidi, maana poda ilikaa juu ya kila kipande kilichobanduka kama chaki juu ya ubao usiofutwa. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Arusi ilikuwa kesho yake.

Na bibi arusi? Alikuwa ametangulia kwa siku tatu. Alitupokea vizuri, lakini amejifunga fulari mpaka kwenye mashavu, ndani ya nyumba pia. Alisema ni vumbi, halafu akasema ni jino. Ijumaa mchana tulimketisha karibu na dirisha tujaribu mapambo, na dada yake akamwondolea fulari kwa mzaha. Mzaha uliisha palepale. Mashavu yalikuwa mekundu na yamevimba. Juu ya mifupa ya uso ngozi ilikuwa imekuwa laini na yenye kung'aa, kama karatasi ya sigara, na paji la uso lilikuwa linabanduka. Kando ya macho palikuwa na weusi mpya ambao hakuwa nao zamani. Alianza kulia, na machozi yenyewe yalimchoma.

Tulijua kabla hajasema. Katika mji wetu tube zile zinauzwa mchana kweupe, kando ya vitunguu na sukari. Alikuwa amepaka kwa majuma matano. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ngozi itafunguka na picha za arusi zitatoka vizuri. Hapa Bunia, mpaka siku ya kuondoka, alionekana «amefunguka» kweli, nasi wenyewe, Mungu atusamehe, tulimsifu. Tulimwambia chumba cha walimu chote kwamba mapenzi yamemfanya ang'ae.

Sasa tuliuliza: kwa nini ameungua Rethy na siyo Bunia? Jirani mmoja wa familia ni muuguzi mstaafu, mama mwenye miwani na maneno machache. Aliitwa kwa siri, akaja na mwavuli. Aliomba aoneshwe tube, akaisoma mbele na nyuma. Kisha akatueleza polepole, nasi tunayaandika kama tulivyoyaelewa.

Ndani ya tube mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni hidrokinoni. Kazi yake ni kuzuia ngozi isitengeneze rangi yake nyeusi. Lakini rangi ile nyeusi ndiyo mwavuli wetu wa kuzaliwa, ndiyo inayozuia miali ya jua isiingie ndani. Ukiiondoa, umetembea juani bila mwavuli. Cha pili ni klobetasoli, dawa ya nguvu sana ambayo daktari huiandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, mahali padogo, kwa siku chache. Ukiipaka usoni majuma na majuma, ngozi inakonda. Ngozi iliyokonda haiwezi kushika maji yake, kwa hiyo upepo mkavu ukiipata unaikausha kama majani ya muhogo juu ya mkeka.

Na jua? Sisi tulidhani mahali pa baridi jua ni dogo, kwa sababu mtu halisikii. Mama muuguzi alitikisa kichwa. Joto ni kitu kimoja, miali inayounguza ni kitu kingine. Kadiri tunavyopanda, hewa juu yetu inakuwa nyembamba, na miali hiyo inaongezeka nguvu kwa kama sehemu 10 katika 100 kila mita 1,000. Huku juu jua linapiga kuliko ziwani, huku upepo wa baridi unamdanganya mtu asikimbilie kivuli. Bibi arusi alikuwa ameketi nje siku tatu akichambua maharagwe pamoja na shangazi zake, akifurahia jua la kumpa joto. Bunia alikuwa anashinda ndani ya ofisi.

Hatukujua tuseme nini. Mama muuguzi hakumgombeza. Alimwuliza tu kama anapaka mwilini pia, na tumboni. Akasema amewahi kushika taa wakati daktari anashona mama aliyetoka kujifungua kwa kisu, na uzi ulikuwa unakata ngozi kama unashona karatasi iliyolowa. Akarudia: «Kama karatasi iliyolowa.» Halafu akanywa chai yake. Bibi arusi aliondoka dirishani, akaenda kuketi karibu na koko.

Tunasimama hapo kidogo, kwa sababu msomaji mmoja atasema: mnatuletea habari ya tube moja, mimi nanunua nyingine. Tunajibu kama walimu. Igeuzeni tube, msome nyuma. Maandishi ni madogo, lakini mtoto wa darasa la tano anaweza kuwasomea. Tafuteni hidrokinoni, inaanza kwa herufi h na y. Tafuteni klobetasoli au neno lolote la ukoo wake lenye mwisho wa -sol au -sone. Kama hakuna maandishi yoyote, au kopo limejazwa sokoni kutoka ndoo kubwa, hiyo ni sababu ya kuliacha. Na kuna zebaki. Neno hili wamama wa Mongbwalu wanalijua vema, maana ndiyo wachimbaji wa dhahabu wanayotumia kukamata vumbi la dhahabu, na moshi wake tunaambiwa tusiuvute. Zebaki hiyohiyo hutiwa katika sabuni na krimu nyingine za kung'arisha. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vitoke sokoni kufikia 2025. Rwanda, jirani yetu, ilianza kuziondoa krimu za kubadili rangi madukani mwishoni mwa 2018. Kwetu tusingoje askari aje kutuangalilia kabati la chumba cha kulala.

Turudi Rethy. Ijumaa jioni kulikuwa na baraza, na wala halikuwa la upole. Shangazi mmoja alitaka tumpake fondotini nzito mpaka kasoro yote ifunikwe. Alisema: «Upande wa bwana arusi watasema tumewapa mgonjwa.» Si neno la kuchezea, wamama. Mahari imekwisha kutolewa, watu wametoka mbali kwa njia ile tuliyoisema, na heshima ya nyumba inatazamwa usoni pa binti mmoja. Shangazi wa pili alitaka arusi isogezwe. Dada mtu, mwalimu mwenzetu, alikuwa analia na hakuwa na msaada. Sisi tulitazama kisanduku chetu cha mji, tukaona haya. Kila kitu kilichokuwa ndani kilikuwa cha kukausha: poda inanyonya mafuta, rangi ya midomo isiyong'aa inanyonya midomo, manukato yana pombe.

Koko ndiye aliyeamua, na hakutumia maneno mengi. Alimwuliza binti: «Wewe unataka uso gani kesho?» Binti akajibu: «Wangu, kama bado upo.» Koko akaingia chumbani, akatoka na chupa ya zamani ya mayonezi, imejaa mafuta ya manjano hafifu.

Yalikuwa mafuta ya karite. Mti wake hauoti Rethy, huko ni juu mno. Unapatikana kaskazini, katika nchi kavu yenye majani, upande wa Aru na Faradje, na ng'ambo Uganda katika West Nile. Wafanyabiashara wa Ariwara huyashusha. Karite ya upande wetu ni laini kuliko ile ya Afrika ya Magharibi, ina mafuta ya majimaji zaidi, ndiyo maana mchana wa joto inaweza kuyeyuka yenyewe ndani ya chupa. Kule mlimani ilikuwa imeganda kama siagi. Koko alichukua kiasi cha punje ya haragwe, akaisugua kati ya viganja mpaka ikayeyuka, na kabla ya kumpaka alimwambia binti anawe kwa maji ya vuguvugu tu. Bila sabuni. Uso ukiwa bado umelowa, akabonyeza viganja juu yake, hakusugua. Mama muuguzi alisimama kando. Alikuwa amekwisha kujaribu kidogo kwenye mkono wa binti mchana, akaona haiwashi, ndipo akaruhusu usoni.

Hili la uso uliolowa tulilidharau maisha yetu yote. Sisi tulikuwa tunajifuta kwanza mpaka tunakauka kabisa, tunavaa, tunatafuta mafuta, mtoto anaita, tunarudi, ndipo tunajipaka. Kumbe mafuta hayaleti maji. Mafuta ni mfuniko wa chungu. Ukifunika chungu kikiwa na maji, maji yanabaki. Ukifunika chungu kikavu, umefunika ukavu. Vazilini pia ni hivyohivyo, na kwa bei yake hakuna mfuniko unaoishinda. Mwenye mafuta ya mawese yaliyosafishwa au ya nazi atumie hayo. Mwenye glisirini asiipake tupu wakati wa ukavu, maana isipopata maji hewani inayavuta kutoka ndani ya ngozi. Achanganye sehemu moja na sehemu mbili au tatu za maji yaliyochemshwa na kupoa, apake ngozi ikiwa imelowa, na juu yake aweke vazilini kidogo. Mchanganyiko usikae zaidi ya siku chache, maji huoza hata yakiwa katika chupa nzuri.

Maji ya moto tunayapenda wakati wa baridi, nasi tuliyamwaga mengi kule. Lakini maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi kama yanavyoyeyusha mafuta ya sahani. Vuguvugu inatosha, na kuoga kuwe kufupi. Sabuni iende mahali panaponuka tu: makwapa, miguu, na kule kunakojulikana. Sabuni ya kufulia isiguse uso, hata kama bibi zetu waliitumia.

Kwa watoto ni zaidi, maana ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Mtoto mchanga haogi kila siku huko juu, anafutwa. Apakwe mafuta yasiyo na manukato, mashavuni hasa, kabla ya kumfunga mgongoni, kwa sababu shavu la nje ndilo linalopigwa na upepo (tuliona watoto wengi wa Rethy wenye shavu moja lililopasuka na jingine zima, tukacheka, kisha tukaelewa). Na ile pomadi kali ya mafua, yenye harufu ya kupanda kichwani, isipakwe kwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili, wala karibu na pua yake. Inaweza kumzuia kupumua. Tunajua wengi wenu mtashangaa. Sisi pia tulishangaa, na mmoja wetu alikuwa nayo mkobani.

Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala chini ya mikaratusi, na pumzi zetu zilionekana. Tulimpamba bibi arusi kwa muda usiozidi robo saa, sisi tuliopanga saa mbili. Karite kwanza, tukangoja iingie. Usoni hatukuweka poda wala fondotini. Nyusi kwa krayoni, kidogo. Wanja tuliiweka juu tu na siyo chini, kwa sababu upepo wa baridi hutoa machozi na wanja wa chini ungeshuka mpaka kidevuni. Midomo tuliipaka vazilini, na juu yake tukagusa rangi kwa ncha ya kidole, ikawa na unyevu wa kawaida wa mtu mzima mwenye afya. Wekundu wa mashavu ulikuwa umepungua kidogo usiku. Haukuwa umeisha, na kila mtu aliyekaribia aliuona.

Mshonaji wetu ndiye aliyeokoa mengine. Alifungua kikwembe cha akiba, akafunga fulari kubwa yenye ukingo uliotoka mbele ya paji la uso kama baraza ya nyumba. Kutoka nyumbani mpaka kanisani dada yake alimshikia mwavuli mweupe, na watu walidhani ni mtindo wa Bunia. Wasichana wawili waliuliza mwavuli ule unanunuliwa wapi.

Shangazi wa kwanza hakuzungumza nasi mpaka baada ya chakula. Upande wa bwana arusi walisema, ndiyo walisema, mama mmoja aliuliza kwa sauti kama binti ana ugonjwa wa ngozi. Bwana arusi alisikia. Alijibu kwamba ameungua na jua, na kwamba yeye mwenyewe amebanduka pua, akaonesha pua yake, watu wakacheka. Kama alijua habari ya tube siku ile, hatukuuliza. Picha tumeziona. Katika zile za asubuhi wekundu unaonekana. Katika zile za jioni, karibu na moto, wote tuna rangi moja.

Kushuka kulikuwa Jumatatu. Safari hii tulijipaka mafuta wote wanne na kufunga nyuso, na tulifika Bunia tukiwa na nyuso za watu. Bibi arusi alishuka juma lililofuata pamoja na mume wake, akaenda kumwona daktari, kwa sababu mama muuguzi alimwonya kwamba dawa ya aina ile ikiachwa, uso unaweza kuwaka tena kwa muda, na mtu akiogopa anarudi kwenye tube. Uso uliwaka kweli. Majuma mawili ya kwanza alikuwa anatuita usiku. Alitaka kurudi, akatuambia anataka kurudi, tukaenda kwake kwa zamu, tukaketi naye. Sasa mashavu yametulia. Weusi kando ya macho bado upo, na daktari amesema utachukua muda mrefu, labda hautaisha wote.

Tuna dada mmoja aliyehamia Kanada, na tulipomweleza habari hii kwa simu alicheka kwanza. Alisema kwao Januari ni digrii 20 chini ya sifuri, nasi tunalia kwa Rethy! Halafu akatuambia kwamba huko kila mama Mkongomani ana kopo kubwa la vazilini karibu na mlango, kabla ya viatu, na kwamba kinachomkausha zaidi ni moto wa ndani ya nyumba kuliko theluji ya nje. Akaomba tumtumie karite. Mwenye kujua mtu anayesafiri atuambie.

Chupa ya koko tulipewa nusu yake tulipoondoka. Iko katika kabati ya walimu, rafu ya chini, kando ya boksi la chaki, na kila anayetoka ubaoni akiwa na mikono mikavu anachovya. Imebaki robo. Tumeagiza bidoni ya lita 5 kutoka Ariwara kupitia mama mmoja wa sokoni, na wale wanaotaka kuchangia waje na chupa zao Jumatano baada ya masomo. Chupa ziwe zimeoshwa na kukauka.